Ngozi kavu na hili baridi la Nyanda za Juu Kusini: mnaosha uso na nini? Tupeane uzoefu

Upepo wa Kihesa
Kamwene wadau. Leo asubuhi stendi nimemuona dada mmoja anatoa mafuta ya mgando kwenye pochi, anapaka pembeni ya pua huku amekunja uso kwa maumivu, nikajisemea huyu mwenzangu kabisa. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane mimi sina uso, nina magamba. Nikishanawa tu, hata taulo sijaweka chini, ngozi inavuta mpaka nikitabasamu nasikia inataka kupasuka. Sabuni ya kuogea niliacha, ile ya dawa ndio balaa zaidi, nikauziwa klinza moja, hizi za kuoshea uso, yenye povu jingi ikanipausha mpaka wanafunzi wakaniuliza mwalimu leo umefutia ubao na uso? Sasa nataka kusikia wenzangu wa Iringa, Njombe, Mbeya wenye ngozi kavu ile isiyotaka utani, mnatumia nini? Sio uliyosoma, nataka uliyotumia mwenyewe.

Ndizi Tukuyu
Huku kwetu mvua inanyesha karibu mwaka mzima, hayo magamba tunayasikia kwenu tu. Hamieni.

Mama wa Uyole
Wewe wa Tukuyu panda Uyole mwezi wa saba saa kumi na moja alfajiri usubiri gari ya kwenda mjini halafu ndio urudi kuandika hapa.

Mwalimu pole sana. Mimi nikwambie kitu, watu wanalaumu sabuni na kusahau maji. Baridi hili kila mtu anachemsha maji mpaka yanatoa moshi, anajimwagia usoni anasikia raha, kumbe ndio anatoa mafuta yote ambayo ngozi imejiwekea. Mimi kuoga naoga ya moto, siwezi kujitesa, ila uso nachota pembeni kwenye kikombe naweka na ya baridi mpaka yawe vuguvugu, ukitia kidole husikii moto husikii baridi. Klinza yangu ni ile ya maziwa maziwa, haina povu hata kidogo, mwanzoni niliona nadanganywa maana nimezoea uso ukilia kwikwi ndio umetakata. Sasa hivi ukilia kwikwi najua nimeharibu.

Fundi Bomba
Mwanaume anaosha uso na maji ya bomba na sabuni ya mche, imeisha hiyo. Klinza ndio nini

Mama wa Uyole
Ndio maana uso na kisigino vyenu havina tofauti.

Fundi Bomba
Mama usinitukane bwana. Babu yangu Makete aliosha na sabuni ya mche mpaka anazikwa ana ngozi safi

Mfamasia Mafinga
Babu yako alikuwa na ngozi ya babu yako, mkuu. Sabuni ya mche ni ya kufulia, imetengenezwa itoe mafuta kwenye nguo. pH yake, kile kipimo cha asidi na alkali, iko kwenye 9, 10 huko, na ngozi ya binadamu inakaa karibu na 5. Mwenye ngozi ya mafuta anaweza asione kitu miaka yote. Mwenye ngozi kavu inayochokozeka utando wa juu unafunguka, maji yanatoka, upepo wa huku unamalizia. Hapo ndio inavuta, inawasha, halafu mtu anaongeza sabuni akidhani ni uchafu.

Upepo wa Kihesa
Mfamasia nakusubiri uendelee, hayo ndo ninayoyataka

Binti Makambako
Nilikuwa napita tu lakini huu uzi umenitonesha, acheni nimwage.

Mimi nyumbani Makambako, upepo wa kule anayeujua anaujua, ukitoka bafuni mpaka ufike mlangoni umeshakauka na vumbi umepakwa. Ngozi yangu toka mtoto ni hii kavu, nikibadilisha sabuni tu vipele. Nilishajijua, nilikuwa na sabuni ya watoto isiyo na harufu na mafuta ya mgando, maisha yanaenda. Ikafika kipindi cha sendofu yangu. Shangazi mmoja upande wa baba akaja toka mjini mapema kusaidia maandalizi, kaja na chupa haina lebo, imefungwa nailoni nyeusi, anasema hii ndio wanaosha mabibi harusi wote siku hizi, asubuhi na jioni, utang'aa mpaka mkwe akusahau. Mimi sikutaka na mama hakutaka, ila mnajua shangazi akishasema. Alinishika kichwa mwenyewe kwenye karai akanisugua huku anaimba.

Na nisiwadanganye, niling'aa. Magamba yote yakaisha, mwasho ukaisha, uso laini, kila anayeleta mchango anasema binti ameiva. Shangazi anatembea kifua mbele pale nyumbani utadhani yeye ndio bibi harusi. Tukaenda hivyo zaidi ya mwezi. Siku chache kabla ya sendofu chupa ikaisha, akasema haina shida kazi imeshafanyika.

Asubuhi ya sendofu naamka jicho moja halifunguki. Uso umevimba, unawaka, pembeni ya pua na kidevuni panatoa majimaji, hata shuka likigusa nalia. Dada wa mekapu kaingia na boksi lake, kaniangalia, kaliweka chini, kasema jamani mimi hapa siwezi kugusa. Ukumbi umelipiwa, MC yuko njiani anatoka Njombe, mchele uko jikoni. Shangazi bado ana la kusema, eti nipakwe poda nzito haitaonekana! Ikapakwa ikakutana na majimaji ikawa tope. Hapo ndio kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamsikia mama anampandishia wifi yake sauti, "Wifi, toka chumbani kwangu!" Nyumba nzima kimya, mpaka watu wa mchele wakaacha kukoroga.

Nikaingia ukumbini na mtandio umeshuka mpaka kwenye nyusi, nusu ya waalikwa wanaulizana kama nimebadili dini.

Daktari wa ngozi nilipomwona kitu cha kwanza aliniuliza, hiyo kitu ilikupendezesha haraka sana? Nikasema ndio. Akasema kwa dalili hizi humo kulikuwa na steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe na mwasho, ndio maana mwasho ulinyamaza na ulipoacha uso ukalipuka. Miezi mingi ilipita ndio nikaweza kutoka bila kujifunika. Alinipa masharti: asubuhi maji matupu, jioni klinza isiyo na povu wala harufu, krimu nzito isiyo na harufu, jua likitoka kofia. Basi. Mpaka leo sijaongeza kitu.

Ndizi Tukuyu
Mwe! Mchumba alisemaje??

Kijana wa Kabwe
Harusi ilifungwa au haikufungwa, usituache hewani dada

Mkinga wa Soko
Na zawadi za sendofu zilitolewa au watu walirudi nazo

Binti Makambako
Zawadi zilitolewa, mnafikiria majiko tu nyie. Harusi ilisogezwa mbele. Mchumba alikuja akaniona vilevile nilivyo, akaniuliza umekula? Nikajua huyu nimepata. Ana mengine yake lakini hilo alifaulu.

Kijana wa Kabwe
Shangazi je

Binti Makambako
Tunasalimiana misibani.

Mama wa Uyole
Pole mwanangu. Ila na mama naye angepandisha sauti siku ya kwanza sio siku ya mwisho.

Binti Makambako
Mama usimguse mama yangu tafadhali. Wewe hujaolewa kwenye ukoo wenye mashangazi.

Mama wa Uyole
Nimeolewa Rungwe binti yangu, usinifundishe mashangazi. Basi yaishe.

Mfamasia Mafinga
Hili la Binti naomba lisipite hivihivi. Kitu cha kuosha au kupaka kikiwa hakina lebo, hakina orodha ya vilivyomo, halafu kinafanya maajabu haraka, kimbia. Kinachochanganywa mara nyingi ni steroidi, haidrokwinoni ile ya kung'arisha ngozi, au zebaki, na vyote hivyo vimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini. Toka 2019 vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango, sio ile TFDA ya chakula na dawa mliyoizoea. Na aliyekwisha kutumia mkorogo muda mrefu asijitibu kwa kununua krimu nyingine dukani kwangu wala kwa mwingine, aende kwa daktari wa ngozi, ni bora nikose mauzo.

Mwalimu, kuchagua sasa. Geuza chupa usome nyuma. Ukiona sodium lauryl sulfate imekaa mwanzo mwanzo, hiyo ndio inayoleta povu la kujaza beseni, iache. Ukiona parfum au fragrance, iache, harufu ndio inasumbua wengi wenye aleji. Ukiona glycerin iko juu juu kwenye orodha, au ceramides, yale mafuta yanayoshikilia utando wa ngozi, hapo pazuri. Zile za chunusi zenye salicylic acid hazikuhusu.

Mkinga wa Soko
Ceramides ndio zile chupa za bluu na nyeupe za Marekani? Nilizileta Mwanjelwa, watu wanashika wananusa wanasema haina harufu hii feki wanaondoka. Mnataka nini nyie watu!!

Mfamasia Mafinga
CeraVe hiyo, ile ya ngozi kavu. Cetaphil nayo ni ya upole kwa ngozi kavu, ya zamani zaidi, ipo toka 1947. Ila feki zake zimejaa kweli, kwa hiyo wanaonusa siwalaumu sana.

Kijana wa Kabwe
Hela yake unapakia mifuko mingapi ya mbolea

Binti wa Parachichi
Hamjambo. Mimi niko Njombe na nashangaa mnavyohangaika na makemikali wakati tumezungukwa na parachichi. Ponda parachichi lililoiva, asali kidogo, limao matone, paka, kaa nalo, nawa. Bibi zetu walikuwa na maabara gani?

Binti Makambako
LIMAO? Kwenye ngozi inayochokozeka? Dada unatafuta mtu.

Binti wa Parachichi
Limao ni asili

Mfamasia Mafinga
Upupu nao ni asili. Limao lina asidi kali, na likibaki kwenye ngozi ukatoka juani linaunguza mpaka malengelenge halafu panabaki weusi. Na jua la huku juu lisikudanganye kwa sababu kuna baridi, linachoma vizuri tu. Parachichi lenyewe sina ugomvi nalo, ila hilo sio kuosha, ni kupaka.

Mkinga wa Soko
Parachichi ni hela hiyo inaenda nje, nyie mnaipaka usoni. Njombe mmeshiba.

Binti wa Parachichi
Yanayoanguka chini ndio tunapaka, yako yanaenda nje usijali

Upepo wa Kihesa
Jamani turudi kwenye kuosha. Klinza ya maziwa nimeielewa. Je asiye na hela ya hizo za Marekani?

Mama wa Uyole
Sabuni ya kioevu ya watoto isiyo na harufu, au aqueous cream famasi wanayo, ila ile ipake, nawa, usiiache usoni, wengine ikikaa inawawasha. Halafu mara moja kwa siku tu, jioni, kutoa vumbi na jasho.

Kijana wa Kabwe
Mimi naosha asubuhi na jioni na sabuni na niko fresh. Mara moja kwa siku ni uvivu umepewa jina zuri

Mama wa Uyole
Una miaka mingapi kijana?

Kijana wa Kabwe
22

Mama wa Uyole
Rudi hapa ukiwa na arobaini.

Fundi Bomba
Hivi glisirini inakuwaje maana mke wangu anapaka kavu kavu hivyo hivyo na bado uso unamkauka

Mfamasia Mafinga
Fundi karibu kwenye mambo ya klinza. Glisirini inavuta maji, na hewa ya huku kipindi cha kiangazi haina maji, kwa hiyo ikipakwa kavu inavuta ya kwenye ngozi yenyewe. Achanganye na maji kiganjani, apake uso ukiwa bado na unyevu, halafu juu yake mafuta ya mgando kufunika.

Binti wa Parachichi
Mafuta ya mgando yanaziba vinyweleo, ngozi haipumui.

Binti Makambako
Ngozi haipumui hata siku moja, mapafu ndio yanapumua. Mimi mafuta ya mgando yaliniokoa. Cha muhimu usifute uso ukaukauke, gonga gonga na kitambaa laini, maji yakiwa bado yapo paka hapohapo bafuni. Ukisema ngoja nivae kwanza, upepo umeshakuwahi.

Ndizi Tukuyu
Mimi mafuta ya mgando usoni chunusi zilitoka kipaji chote cha uso kwa hiyo kila mtu na ngozi yake. Mafuta ya alizeti ya kukamuliwa baridi ndio yamenikubali

Kijana wa Kabwe
Si ulisema Tukuyu hamna magamba?

Ndizi Tukuyu
Nilikuwa nasoma Iringa kijana tulia

Mkinga wa Soko
Wanaotaka klinza orijino ninazo, inboksi, naleta mpaka Makambako kwa basi.

Mfamasia Mafinga
Mpige picha ya nyuma ya chupa utuwekee hapa hadharani, sio inboksi.

Mkinga wa Soko
Nikifika dukani.

Upepo wa Kihesa
Nashukuru wote. Nimenunua ile isiyo na povu kwenye chupa ndogo kwanza, Mfamasia kasema nijaribu nyuma ya sikio na shingoni siku kadhaa kabla sijaipeleka usoni, ndo niko hapo. Shingo mpaka sasa imenyamaza.

Binti Makambako
Ikianza kuchoma hata kidogo acha hapohapo, usiseme ngoja izoee. Ndio maneno ya shangazi hayo.

Fundi Bomba
Mfamasia hapo Mafinga uko mtaa gani, kesho nina kazi maeneo hayo. Ni ya mke wangu

Mama wa Uyole
Ya mke wako. Sawa fundi.

Fundi Bomba
Mama niache