Faiba ya mji: imilikiwe na halmashauri au kampuni binafsi?

Swali_Wazi:
Wakuu, mji ukitaka kufikisha faiba kila nyumba, kuna wanaotaka halmashauri ijenge na kumiliki kila kitu, na kuna wanaotaka kampuni moja ipewe haki ya pekee kwa miaka 20. Pande zote mbili zina miradi iliyofaulu na iliyokufa. Uamuzi uanzie wapi?

Mtaroni:
Uanzie kwenye kutenganisha vitu vyenye umri tofauti. Mitaro, mabomba, chemba (mashimo ya kufikia kebo) na faiba yenyewe vinadumu miaka 30 na zaidi. Swichi na vifaa vya kuwasha mwanga vinachakaa au kupitwa na wakati ndani ya miaka 5 hadi 10. Juu yake kuna huduma: vifurushi, bei, wateja.

Fedha nyingi humezwa na uchimbaji. Kampuni tatu kuchimba barabara moja mara tatu ni hasara tupu, na atakayewahi kuchimba peke yake anakuwa mwenye mtaa. Kwa hiyo tabaka la chini liwe la umma, huko juu washindane. Stockholm imeshika njia hiyo tangu 1994: kampuni ya jiji, Stokab, inakodisha faiba tupu, yaani isiyo na vifaa wala huduma, kwa yeyote anayeihitaji na haiwauzii wakazi intaneti.

Desibeli28:
Naunga mkono, lakini angalieni mchoro kabla ya mkataba, maana umiliki unaweza kupotelea humo. Ukifunga splita za 1:32 mitaani, yaani vigawanya mwanga vya faiba moja kwa nyumba 32, nyumba 500 zinalishwa na faiba 16 tu kutoka kituoni. Ni rahisi kujenga, ila nyumba 32 zimefungwa kwenye faiba moja na kifaa kimoja. Mshindani hawezi kukodi faiba ya nyumba moja. Atabaki kununua kasi kwa jumla, kwa masharti ya mwenye kifaa.

Splita zikikaa kituoni, kila nyumba ina faiba yake hadi huko. Nyumba 500 na akiba ya asilimia 15 ni faiba 575, yaani kebo nne za 144. Kumhamisha mteja ni kuchomoa waya mmoja na kuuchomeka kwa mtoa huduma mwingine.

Mwanga unatosha? Kwa GPON (mfumo wa kugawa faiba moja kwa nyumba nyingi) ya daraja B+ unaweza kupoteza desibeli 28 za mwanga njiani. Splita 1:32 inakula kama 17, kilomita 10 zinakula 3.5, viunganishi vinne 2, maungio manane 0.8. Jumla 23.3, inabaki 4.7 ya kuzeeka na matengenezo. Ukilazimisha 1:64 inabaki 1 na kidogo. Kona moja iliyobanwa vibaya na mteja hana mtandao.

Hesabu_Kwanza:
Msisahau pale upande wa umma unapoumia. Mji wa Provo, Utah, Marekani, ulijenga mtandao wake, kisha mwaka 2013 ukauuza kwa Google kwa dola 1, huku deni la hati fungani likibaki kwa wakazi. Australia ilianza mwaka 2009 na mpango wa faiba hadi nyumbani. Serikali ilipobadilika mwaka 2013, mpango ukageuzwa kuwa mchanganyiko uliotumia pia nyaya za zamani za shaba. Mji wa Chattanooga, Marekani, ulifika kasi ya gigabiti moja kwa sekunde mwaka 2010, ila mwenye mtandao ni shirika la umeme la mji: tayari lilikuwa na nguzo, mafundi wa zamu na mfumo wa ankara, na ruzuku ya serikali kuu ya gridi ya umeme iliongeza nguvu. Halmashauri isiyo na hata gari la dharura haifanani nalo.

Swali_Wazi:
Na kama fedha za kujenga hazipo, kampuni ndiyo inayochimba?

Mtaroni:
Basi toeni kibali cha kuchimba, msitoe haki ya pekee. Sharti la kwanza: kila mtaro uwe na bomba la ziada la milimita 40 linalomilikiwa na halmashauri, likiwa na kamba ya kuvutia ndani na vifuniko pande zote mbili. Lisipozibwa linajaa tope, na siku ya kuvuta kebo mnachimba upya.

La pili, ratiba ya mtaa kwa mtaa yenye faini, ile mitaa yenye nyumba chache ikiwa ndani ya awamu ya kwanza. Wakiachiwa wachague, watachukua katikati ya mji na kuishia hapo.

Desibeli28:
Ongeza michoro ya kilichojengwa, yenye nukta za GPS za kila chemba, pamoja na vipimo vya OTDR (kifaa kinachotuma mwanga ndani ya faiba na kuonyesha unapopotea) vya kila faiba, kwa mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 1310 na 1550, kutoka pande zote mbili. 1550 ndiyo inayofichua kona zilizobanwa. Vikabidhiwe kabla ya malipo ya mwisho au kabla dhamana haijarudishwa. Mkiahirisha, mkandarasi ameshaondoka na hakuna ajuaye kebo imepita upande gani wa barabara.