Hivi kuna panya asiyekunywa maji maisha yake yote? Na hawa wa stoo yangu Igoma je?

mpunga_wa_igoma:
Mwangaluka wakuu, poleni na majukumu. Mimi nina kastoo hapa Igoma naweka mahindi na mpunga nasubiri bei ichangamke, sasa panya wamenishika pabaya, kila kukicha gunia limetobolewa. Juzi nikalalamika kijiweni, jamaa mmoja akasema we hakikisha tu humo ndani hamna hata tone la maji, ndoo toa, bomba funga, watakufa na kiu wenyewe. Kabla sijajibu mwingine akadakia eti hiyo haisaidii kitu, kuna panya huko Marekani anaitwa panya kangaruu anaishi jangwani na hanywi maji tangu anazaliwa mpaka anakufa, akatoa na kavideo kwenye simu, kenyewe kana miguu mirefu ya nyuma kanaruka ruka na kamkia karefu kana kishungi mwishoni. Ubishi ukawa mkubwa hadi kahawa ikapoa. Sisi wengine tunasema haiwezekani, kiumbe kina damu halafu hakinywi maji, hiyo damu inatengenezwa na nini?

Sasa naomba wenye elimu, ni kweli au ni chai? Na kama kweli, hawa wangu nao ndo walewale? Maana ziwa liko hapo tu ila stoo yenyewe ni kavu kabisa na wao wamenenepa kuliko mimi.

kirumba_finest:
Wamenenepa kwa sababu unawalisha mkuu 😂 nunua paka.

ticha_nyegezi:
Mkuu si chai. Ila jamaa yenu wa kijiweni ameeleza nusu, na nusu iliyobaki ndo tamu.

Kwanza huyo si kangaruu na hata hawa panya wetu si ndugu zake wa karibu, ni ukoo mwingine wa wanyama wagugunaji wa Amerika Kaskazini, kuna aina kama 20, wengi wako magharibi ya Marekani na Meksiko na mmoja anafika hadi Kanada. Yule anayetajwa sana kwenye mambo ya maji anaitwa panya kangaruu wa Merriam, ana gramu kama 40 tu, anakula mbegu kavu.

Sasa watu wakisikia "anatengeneza maji mwilini" wanadhani ni muujiza. Hata wewe unatengeneza. Chakula kikiunguzwa mwilini ile hidrojeni iliyomo inaungana na oksijeni uliyovuta, inatoka maji. Gramu 1 ya wanga inatoa kama gramu 0.6 za maji, gramu 1 ya mafuta inatoa gramu 1 na kidogo (uzito wa ziada ni wa oksijeni, msishangae). Mtu mzima anapata kama mililita 300 kwa siku kwa njia hiyo, na hujawahi hata kujua. Shida yetu ni kwamba tunayamwaga, jasho, mkojo, choo, pumzi, lita na zaidi inaondoka kila siku. Kwa hiyo kwa huyu panya swali la maji anayapata wapi ni dogo, swali kubwa ni anayazuiaje yasitoke.

Miaka ya 1940 mtaalamu anaitwa Knut Schmidt-Nielsen na mkewe Bodil walienda Arizona wakampigia hesabu kama ya duka. Panya akila gramu 100 za shayiri kavu, na hizo zinamchukua karibu mwezi mzima, anapata gramu 54 za maji kwa kuunguza hicho chakula, na gramu 6 hivi ulikuwa unyevu uliomo kwenye punje. Mapato 60. Matumizi sasa, mkojo gramu 13 na nusu, kinyesi hazifiki 3, zilizobaki kama 44 zinaondoka kwa mvuke hasa wa pumzi. Jumla 60. Hadaiwi wala hadai.

Tazameni hapo kwenye mkojo, gramu 13 kwa mwezi! Ni kwa sababu ya figo, ile mirija inayojikunja ndani (wa fomu siksi mnakijua kitanzi cha Henle) kwake ni mirefu sana kwa umbo lake, mkojo unaweza kuwa mzito karibu mara 4 ya mkojo mzito kabisa wa binadamu. Na pumzi ndo mlango mkubwa wa kupotezea, kwa hiyo pua yake imejipanga. Akivuta hewa kavu inapoza njia za pua, akitoa ile ya mapafuni yenye joto na mvuke inapita palepale pamepoa, mvuke unagandia kama matone kwenye mfuniko wa sufuria ya wali na maji yanabaki kwake. Jasho hana na hahemi ulimi nje kama mbwa.

kaka_wa_bwiru:
Ticha nakuheshimu ila hapo kwenye pua naona pananipa shida. Hiyo ya kupoza inafanya kazi kama hewa ya nje imepoa kuliko mwili si ndio? Jangwa mchana linafika nyuzi 45, sasa hiyo hewa itapozaje pua? Hesabu ya gramu 60 kwa 60 ilipigwa kwenye chumba kizuri nina uhakika.

ticha_nyegezi:
Umeuliza swali la mtu anayefikiri. Ni kweli hesabu ile ilikuwa ya nyuzi kama 25, na hewa ikiwa kavu kupita kiasi hata hapo anaanza kupata hasara. Ndo maana huyu mnyama mchana humuoni. Anashinda shimoni, kuna aina wanaziba na mlango kwa udongo, unyevu wa pumzi yake unabakia humo humo, na zile mbegu alizoweka akiba zinaunyonya, kesho anazila anarudisha. Anatoka usiku hewa ikiwa imepoa, kwa muda mfupi, anajaza mifuko ya mashavu anarudi mbio.

Mifuko yenyewe iko nje ya mdomo, ina manyoya kwa ndani, kwa hiyo mbegu hazigusi mate. Hawa panyabuku wa chuo cha kilimo SUA Morogoro wanaofundishwa kunusa mabomu nao wana mifuko ya mashavu ila ya kwao iko ndani ya mdomo.

Ila niseme ukweli, watafiti waliokuja baadaye walipima mashimo ya Merriam kule jangwa la Sonora wakakuta kiangazi shimo lenyewe linapita nyuzi 30, halijapoa kama vitabu vya zamani vilivyodhani. Na majani mabichi akiyapata anakula, wadudu pia, tena kuzaa kwenyewe kunafuata mvua, majani yakichipua ndo wanazaa, mama anayenyonyesha anahitaji maji zaidi. Kwa hiyo "hanywi maji" ni kweli, "hahitaji maji ya nje hata siku moja popote pale" hiyo kijiwe kimeongeza chumvi.

mama_kulwa_lishe:
Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Ticha mdogo wangu naomba kuuliza, aina ya chakula inaleta tofauti? Umesema mafuta yanatoa maji mengi kuliko wanga. Mimi nasaga unga wa lishe, karanga, soya, mchele, ulezi, na panya wa mashineni kwangu karanga ndo wanaanza nayo siku zote. Ni akili ya kutafuta maji au?

ticha_nyegezi:
Marahaba dada. Karanga wanapenda tu, mafuta na harufu. Lakini hapo kwenye soya umegusa pazuri. Protini ikiunguzwa inaacha urea, na urea lazima itoke kwa mkojo, yaani inabeba maji. Ndo maana mtu mwenye kiu jangwani akila nyama kavu anajiongezea matatizo. Wale wataalam waliwapa panya kangaruu soya tupu bila maji, wakakonda wakafa. Wengine wakapewa soya na maji ya bahari ya kunywa, wakaishi! Maji ya bahari yatakuua wewe kwa sababu figo zako haziwezi kutoa chumvi nyingi kiasi hicho bila kutumia maji zaidi ya uliyokunywa, yeye anaitoa na maji anabaki nayo. Pale ndo ilithibitika kwamba siri kubwa iko kwenye figo.

mama_kulwa_lishe:
Yesu na Maria. Panya anakunywa bahari.

boda_buzuruga:
Mimi nilikaona kavideo kanampiga nyoka teke nikajua ni ya kuchezea kompyuta.

dereva_wa_meatu:
Ni ya kweli hiyo bro. Watafiti wamewarekodi usiku na kamera za kasi huko jangwani, nyoka wale wenye njuga mkiani wanarusha kichwa, panya anaruka juu kabla meno hayajafika, na akiwa hewani anamsukuma nyoka kwa miguu ya nyuma. Anaitikia chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mkia ndo usukani, akiwa hewani anautumia kujigeuza. Wanasema anaruka hadi mita 2 na nusu kupita na kamwili kenyewe kanaenea kwenye kiganja. Masikio nayo, yale mafupa yanayofunika sikio la kati yamevimba kupita kiasi, anasikia sauti nzito za chini, kama bundi akishuka. Wengine wakimuona nyoka wanapiga miguu chini kama ngoma, nyoka anajua ameshaonekana anaacha kuvizia.

Hapa kwetu mwenye miruko hiyo ni kamendegere, kama umewahi kupita usiku Meatu huko kuelekea Serengeti utakuwa umeona macho yanawaka mbele ya taa yanapanda yanashuka. Ila huyo ni mkubwa, kilo 3, na anachimbua mizizi na majani mabichi kwa hiyo maji anayapata humo. Wagugunaji wote wawili lakini hawana undugu wa karibu, kila mmoja kajifunzia kuruka kwao.

mpunga_wa_igoma:
Asanteni sana, ticha umenifungua macho, leo naenda kijiweni na gramu 60 kwa 60 zangu. Lakini swali la pili bado. Wa kwangu je? Nikifunga bomba watakufa ama nawapa tu likizo?

ugani_mstaafu:
Kijana, nimefanya kazi na maghala ya wakulima muda mrefu kanda hii ya ziwa, hebu nikujibu mimi.

Humo stoo unaweza kuwa na wapangaji wawili tofauti. Yupo panya mkubwa wa darini, huyo maji anayataka, ukimuona anatoka nje usiku anarudi basi ujue anaenda kwenye karo la jirani au mtaro. Ukikausha maji karibu na stoo unampa usumbufu kweli. Na yupo yule mdogo wa nyumbani, kapanya ka kijivu, huyo anaweza kuishi ndani ya gunia kwa maji kidogo mno au bila kunywa kabisa. Mahindi uliyoyakausha vizuri bado yana unyevu kama asilimia 13, ongeza na yale maji ya ticha ya kuunguza chakula, kwake anasukuma siku. Hafikii huyo wa jangwani, nafaka ikiwa kavu sana anakonda na kuzaa kunapungua, lakini hafi ukasherehekea. Tena hapa kwetu hewa ya ziwa si kavu kama ya Arizona. Kwa hiyo kijiwe chako kila mmoja alikuwa na panya wake kichwani.

Na msifikiri panya wa mbegu ni wadudu wa hasara tu. Huko Arizona sehemu inaitwa Portal, tangu 1977 watafiti wamezungushia vipande vya jangwa uzio ili panya kangaruu wasiingie. Baada ya miaka kama 12 vile vipande vikageuka kuwa vya majani, mahali palipokuwa vichaka na mchanga, kwa sababu mbegu kubwa zilikosa wa kuzila na ardhi ikakosa wa kuichimbua. Na yule mkubwa wao wa California yuko kwenye orodha ya wanyama walio hatarini tangu 1987, mashamba yamekula makazi yake. Sisi tunamtafutia wetu sumu, wao wanamlinda wa kwao kwa sheria.

Tuje kwenye stoo. Panga magunia juu ya chaga, yasiguse ukuta, acha nafasi ya wewe kupita ukiwa na tochi, ukiweza kupita utaona kinyesi na njia zao mapema. Kapanya kadogo kanapita tundu la milimita 6, yaani penseli ikiingia na yeye anaingia, kwa hiyo ziba kwa simenti au waya, usizibe na matambara. Chini ya mlango piga bati. Majani na takataka nje ya ukuta ondoa. Sumu iwe ya mwisho na isiwe karibu na nafaka, huo mpunga unaenda kuliwa na watu.

kirumba_finest:
Na paka je mzee? Mimi ndo niliyemshauri.

ugani_mstaafu:
Paka sawa, lakini paka aliyefungiwa na magunia ya mpunga atajisaidia humo humo kwenye mpunga. Akae nje.

mpunga_wa_igoma:
Shikamoo mzee, ubarikiwe sana. Hilo bati la mlangoni ni lile la kuezekea au la aina gani?

ugani_mstaafu:
Marahaba. La kuezekea lenye migongo litaacha mianya, tafuta bati tambarare. Pita kwa mafundi wa mageti hapo Igoma waombe mabaki, pima upana wa mlango kabla hujaenda.