Msaidizi wa kumbukumbu mahakamani, usaili ukoje?

Wakuu habari za leo. Nina fom foo na cheti cha utunzaji kumbukumbu, nimeona tangazo la Tume ya Utumishi wa Mahakama ila mahakamani sijawahi kuingia hata kama shahidi 😅 Wanauliza nini, na ni kweli bila mjomba hupati?

Mzee wa Faili: Mjomba wa nini mdogo wangu, wengi wanakatwa mapema kwa makaratasi tu. Soma tangazo neno kwa neno, wakisema vyeti vigongwe muhuri wa wakili gonga, na result slip usithubutu, weka cheti chenyewe. Halafu jina la NIDA lifanane na la cheti, mi mwenzio herufi moja tu ilinizungusha wiki mbili kwa wakili kutafuta hati ya kiapo.

Dada Tabora: Kwenye mchujo, ule mtihani wa kuandika, jua ngazi za mahakama, kuanzia ya Mwanzo, Wilaya, Hakimu Mkazi, Mahakama Kuu mpaka Rufani, yani hizo zikae kichwani. Ukifika ana kwa ana wanapenda maswali ya kazi, mfano mdaawa, yani mtu mwenye kesi, anakupa elfu kumi umtafutie faili haraka utafanyaje, hapo usicheke.

Mzee wa Faili: 😂 Na faili usilitoe masijala, yani chumba cha mafaili, bila kuandika kwenye rejista nani kalichukua, hiyo waambie hata wasipouliza.

Muulizaji: Shukrani sana wakuu, kesho asubuhi naanza na wakili, hivi muhuri kwa nakala moja wanachaji shi ngapi siku hizi?