Tishio la magaidi mpakani: kura ipigwe siku yake, isogezwe nchi nzima, au isogezwe kwetu tu?

Mwana wa Bonde (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uchaguzi mwingine unakuja, na huku kwetu kando ya mto Ruvuma, mpakani na Msumbiji, swali la 2020 limerudi: magaidi wakitishia, uchaguzi uendelee au uahirishwe? Nimelisikia kwenye mizani ya ufuta, nimelisikia barazani baada ya Ijumaa, na kila mtu analijibu kwa sauti ya chini.

Nianze na nilichokiona mwenyewe. 2020 nilikuwa karani mwongoza wapiga kura kwenye kata moja ya mpakani. Kitaya, kijiji cha Mtwara hapa mpakani, ilivamiwa tarehe 14 Oktoba. Mkuu wa polisi (IGP) wa wakati ule, Simon Sirro, alisema wavamizi waliovuka kutoka Msumbiji walikuwa kama 300. Kura ilikuwa tarehe 28, yaani wiki mbili tu baadaye. Usiku wa kuamkia kura tulilala darasani, na hakuna aliyevua viatu. Asubuhi foleni ilikuwepo, fupi lakini ilikuwepo. Akina mama wengine walikuja na vifurushi kichwani kabisa, wapige kura kisha wadandie gari kwenda mjini kwa ndugu. Akaja babu mmoja, akaingia kwenye kituturi, akatumbukiza karatasi zake, ila alipofika kwenye kichupa cha wino akasita. Akaniuliza taratibu: "Mjukuu wangu, hawa watu wakinikuta shambani na kidole hiki, nitawaambia nini?"

Sikuwa na jibu. Baadaye nikaja kusoma kwamba Herat, Afghanistan, Juni 2014, Taliban waliwakata vidole wapiga kura 11 kwa sababu ya wino huohuo. Babu hakuwa anadeka.

Naziona njia tatu. Kwanza, kura siku yake liwalo na liwe, kama tulivyofanya 2020. Pili, kusogeza nchi nzima, kama Nigeria 2015 walivyotoka 14 Februari hadi 28 Machi kwa sababu ya Boko Haram. Tatu, kusogeza pale tu moto unapowaka, kata au jimbo, kwa tarehe iliyotangazwa siku hiyohiyo. Mimi nasimama na ya tatu, na wala si ngeni kwetu: 2015 Dk. Emmanuel Makaidi, mgombea wa Masasi, alifariki siku kumi kabla ya kura. Ubunge wa Masasi ukasogezwa hadi Desemba, kwingine kote nchini kura ikaendelea.

Nawasilisha. Pingeni kwa hoja.

Shangani Pwani

Mkuu, pole kwa usiku ule, lakini sikubaliani nawe. Gaidi hana kadi ya mpiga kura. Ukiahirisha kwa ajili yake umempa kadi, tena ya uzito kuliko yangu na yako.

Angalia Hispania. Machi 11, 2004 mabomu yalilipuka kwenye treni za Madrid, wakafa watu zaidi ya 190. Ilikuwa Alhamisi. Jumapili ya tarehe 14 wakapiga kura, na waliojitokeza walizidi asilimia 75. Uingereza nao 2017: Manchester ilipigwa Mei 22, London Bridge Juni 3, kampeni zikasimama siku chache, na Juni 8 kura ikapigwa kama ilivyopangwa.

Na hiyo njia yako ya tatu ina tundu. Masasi 2015 waliposogezewa ubunge hadi Desemba, Rais alikuwa ameshaapishwa tangu Novemba 5. Kwa ubunge haina shida. Kwa urais je? Utatuletea sisi wa mpakani masanduku ya kupigia kura mtu ambaye ameshaingia Ikulu?

Mstaafu wa Doria

Vijana, mimi nimevaa magwanda miaka mingi, niruhusuni niseme kitu ambacho hakizungumzwi.

Tatizo la kura wakati wa tishio si kituo kuvamiwa tu. Ni hesabu ya watu. Siku ya kura kila kituo kinataka askari. Masanduku yanataka msindikizaji, ghala la vifaa linataka mlinzi, kituo cha kujumlishia kinataka kikosi. Hao wote wanatoka wapi? Wanatoka palepale walipokuwa. Yule aliyekuwa analala kwenye kivuko cha mtoni anahamishiwa mlangoni kwa darasa, na mto unabaki na watu wachache. Ruvuma kiangazi unavukika kwa miguu sehemu nyingi, nyote mnajua. Kwa hiyo siku ya kura ndiyo siku mpaka unakuwa mwepesi kuliko siku zote.

Nigeria ndicho wakuu wao wa vikosi walichomwambia Profesa Attahiru Jega wa tume ya uchaguzi: wanajeshi wamo kwenye operesheni kaskazini-mashariki, wiki sita hizi hatuwezi kuwapa wapiga kura ulinzi. Watu walipiga kelele kwamba Rais Jonathan anajitafutia muda. Lakini katika wiki zile miji ilikombolewa, Chad na Niger wakisaidia, kura ikapigwa, na Jonathan akashindwa na Buhari, akakubali. Ushauri wa vikosi ukiwa wa kweli usibezwe.

Mwalimu wa Newala

Mzee wangu, shikamoo. Hesabu yako ya askari nimeipokea, sikuwahi kuifikiria hivyo. Ila Nigeria ilifika salama kwa sababu tarehe mpya ilitajwa usiku uleule wa kuahirisha, na ikaheshimiwa. Penye tarehe ya kuelea ndipo ninapoogopa.

Burkina Faso, Novemba 2020, walipiga kura huku maeneo yenye magaidi yakiachwa nje. Walibadilisha sheria mapema ili matokeo ya kwingine yahesabike. Haikuwa haki kwa walioachwa, lakini uchaguzi ulikuwepo. Yakaja mapinduzi mawili 2022, wakaahidiwa kura Julai 2024, na Mei mwaka huo utawala wa kijeshi ukajiongezea miaka mitano. Sababu? Usalama. Gaidi hajaisha, na uchaguzi nao haujulikani uko wapi.

Hata New York. Septemba 11, 2001 ilikuwa siku ya kura za mchujo za kumpata meya. Zikasimamishwa asubuhi ileile, zikarudiwa Septemba 25. Hapo sina neno, ni wiki mbili na sababu ilionekana kwa macho. Lakini meya aliyekuwepo, Giuliani, akaomba abaki miezi mitatu zaidi kwa sababu ya maafa. Wakamkatalia. Jiji lile halikufa.

Kwetu someni Katiba, ibara ya 42(4). Inasema nchi ikiwa inapigana vita dhidi ya adui, na Rais akaona haiwezekani kufanya uchaguzi, Bunge laweza kuongeza muda, si zaidi ya miezi sita kila mara. Mwenye uamuzi ni Bunge, na neno lililotumika ni vita. Vijana 300 wenye bunduki na mapanga waliochoma kijiji ni uhalifu mkubwa mno, ila sitaki ufunguo wa ibara ile ugeuzwe kwa ajili yao.

Korosho Daraja la Kwanza

Mnaongea kana kwamba ukisogeza kura unaipeleka mahali patupu. Unaipeleka lini?

Oktoba mkulima yuko chini ya mkorosho anaokota, anasubiri mnada wa kwanza. Sogeza Desemba, mvua imeanza, watu wamehamia mabondeni kulima mpunga, wanalala kwenye madungu, na barabara ya vumbi ya leo ni utelezi mtupu. Januari na Februari mto umejaa na vijiji vingine havifikiki kwa gari. Wiki sita za Nigeria ukizihamishia hapa, masanduku yatakwama kwenye tope, na waliojiandikisha 500 watakuja 200. Hapo gaidi hajarusha hata risasi moja.

Kama ni kusogeza, ziwe siku saba, kumi. Zaidi ya hapo mtu wa bondeni umeshamnyang'anya kura yake.

Dada wa Mahurunga

Kaka zangu, mnabishana tarehe, mimi nauliza mahali.

Dada yangu alikimbia Oktoba ile na watoto watatu na ndoo ya nguo. Kadi ya kura alikuwa nayo, aliifunga kwenye pindo la kanga. Siku ya kura yuko mjini, kwa shangazi, kilomita nyingi kutoka kituoni kwake. Nikaenda naye kwenye ofisi moja inayohusika, nisiitaje, tukaambiwa jina lake liko kijijini, akapige kijijini. Kijijini hakuna mtu! Nilimwona anaifungua kanga, anaitazama ile kadi, anaifunga tena. Kura ilifanyika siku yake kama anavyotaka Shangani, na dada yangu hakuwemo.

Msumbiji ni hivyohivyo. Oktoba 2019, kwenye jimbo lao la Cabo Delgado, vituo kadhaa havikufunguliwa kabisa kwa ajili ya mashambulizi. Kwenye karatasi uchaguzi ulifanyika. Wale ni ndugu zetu wa damu, tunazikana ng'ambo na ng'ambo, nawajua waliobaki na vidole visivyo na wino.

Huyohuyo Jega mliyemtaja alifungua vituo kwenye makambi ya waliokimbia, Maiduguri. Kwa nini daftari letu lisifuate watu? Kata ikikimbia, orodha ya kata ile ibandikwe walipokimbilia.

Shangani Pwani

Dada yangu, hapo sina cha kupinga. Niliposema kura siku yake nilikuwa nawaza walioko mjini kama mimi. Pole sana kwa dada.

Mwana wa Bonde (mleta uzi)

Nimesoma zote, na msimamo wangu umesogea. Shangani, tundu uliloonyesha ni la kweli. Ila lina kiraka: Kandahar, Afghanistan, Oktoba 2018, mkuu wa polisi wao aliuawa siku mbili kabla ya kura ya wabunge. Jimbo lile peke yake likasogezwa wiki moja, likapiga tarehe 27. Basi na kwetu, kura za urais za kata iliyosogezwa zisubiriwe kabla mshindi hajatangazwa. Ziwe siku saba, kama anavyosema Korosho. Na orodha ifuate watu, kama anavyosema Dada. Kama watu wa kata wote wako mahali pamoja pa salama, basi hata hizo siku saba hazihitajiki. Mzee wa Doria, hapo askari wako wanalinda shule moja mjini na wengine wanabaki mtoni.

Mambo ya mabadiliko ya sheria za uchaguzi kwa jumla yana uzi wake, tusiyachanganye hapa.

Mstaafu wa Doria

Hiyo naikubali, kijana. Vituo vikusanywe. Watu kumi na wawili wakilinda mahali pamoja ni kikosi, wakitawanywa sehemu kumi na mbili ni walinzi wa mlango. Ila mkubaliane na wazee wa vijiji mapema, mtu asije akasombwa kwenye lori hajui anakwenda wapi. Wa Mtwara tumeshaona magari ya jeshi mitaani 2013, wakati wa vurugu za gesi, lori peke yake linatosha kumrudisha mtu ndani.

Dada wa Mahurunga

Ahsante baba. Mwalimu, nisaidie kuyaandika haya kwa lugha ya barua, niyapeleke kwa mtendaji wa kata kabla ya kikao. Na wewe Mwana wa Bonde, yule babu aliishia wapi?

Mwalimu wa Newala

Nitaandika usiku huu, dada. Nitumie majina ya vitongoji.

Mwana wa Bonde (mleta uzi)

Babu alichovya, dada. Alinyoosha mkono mwenyewe, sikumshika. Alipotoka nje nikamwona anachuma jani la mkorosho, anasugua kidole, anasugua tena. Haukutoka. Akauingiza mkono mfukoni mwa koti akashika njia ya shambani. Korosho zilikuwa zimeshaanza kudondoka.