Nataka kununua tovuti inayoingiza hela tayari, nijikinge vipi nisitapeliwe?

Mwanzo_Mpya
Wakuu habari zenu, naombeni mawazo kabla sijatoa hela. Kuna jamaa anauza tovuti yake ya mambo ya baiskeli, uchambuzi wa aina mbalimbali na namna ya kuzitengeneza, anasema ina miaka 6 na inaingiza kwa matangazo ya AdSense (ya Google) pamoja na kamisheni za Amazon (msomaji akinunua kupitia linki zake analipwa). Bei anayotaka ni faida ya mwezi mara 24. Kanitumia skrinshoti za mapato na za trafiki (idadi ya wageni), zinavutia kweli, na makala nimezipitia ziko vizuri. Sasa anataka nimtumie nusu kwanza ndo aanze kuhamisha domeini (anwani ya tovuti), nikamwambia mi napenda tupitie eskro, yaani kampuni ya kati inayoshika hela hadi nikabidhiwe, akasema sawa akanitumia linki ya kampuni anayoitumia yeye siku zote, alaf anasema kuna mtu mwingine yuko tayari kulipa kesho kwahiyo niamue leo. Hii ni akiba yangu ya muda mrefu. Nikague nini, na malipo yaende vipi?

FundiSeva
Mkuu kwanza usitume chochote leo, na hiyo linki achana nayo. Eskro za bandia zipo nyingi sana, mtu anatengeneza ukurasa unaofanana kabisa na wa kampuni halisi, unaweka hela unaambiwa malipo yamepokelewa yanashikiliwa salama kumbe yameenda kwake moja kwa moja. Kampuni ya eskro chagua wewe na anwani yake iandike kwa mkono wako kwenye brauza. Escrow.com kwa mfano wapo tangu 1999 na biashara ya domeini na tovuti ndo kazi yao. Muuzaji mkweli hapotezi kitu ukichagua wewe.

Skrinshoti zisikupe usingizi. Kwenye brauza yoyote mtu akifungua ile sehemu ya kukagua msimbo (code) wa ukurasa anabadili namba yoyote anayotaka, dakika moja tu, alaf anapiga picha, na kwa macho huwezi kujua. Mwambie akuongeze kwenye Google Analytics yake (inayohesabu wageni) kama mtazamaji tu na akuongeze Search Console pia, ile ya Google inayoonyesha tovuti inavyofanya kwenye utafutaji. Search Console inatunza data za miezi 16 kwahiyo utaona mabonyezo yanapanda au yanashuka, na humo humo kuna sehemu inaonyesha kama Google waliiadhibu tovuti kwa mkono. Mapato sasa, fanyeni simu ya video, yeye ashee skrini, aingie AdSense mbele yako, na wewe ndo useme "rifreshi ukurasa, badili tarehe weka miezi 12, fungua malipo yaliyolipwa". Usimwachie yeye aendeshe anavyotaka.

Grafu ya trafiki iangalie sana kuanzia Septemba 2023 na Machi 2024, hapo Google walifanya mabadiliko makubwa kwenye matokeo ya utafutaji na tovuti nyingi za uchambuzi wa bidhaa zilianguka vibaya. Watu wengi walianza kuuza baada ya hapo. Simaanishi kuwa huyu ni mmoja wao, ila ukiona mstari ulishuka na haujawahi kurudi, hiyo bei ya mara 24 inabidi izungumzwe upya.

Na hiyo miaka 6 ithibitishe. Ingia Wayback Machine ya Internet Archive uandike domeini uone ilikuwaje mwaka kwa mwaka. Kuna domeini zinazeeka, mwenyewe anaiacha inaisha muda, mtu mwingine anaiokota anajaza makala za haraka haraka anauza kama tovuti kongwe. Google wameshaweka sera dhidi ya mchezo huo tangu Machi 2024. Ukikuta miaka mitatu ya nyuma ilikuwa ni kampuni ya kitu kingine kabisa, hapo umri hauna maana.

Dada_Hesabu
Naongezea upande wa hela maana watu wengi wanaruka hapa. Kaka, "faida ya mwezi" ya mwezi gani? Mwambie atoe wastani wa miezi 12 iliyopita, mapato ukitoa gharama zote, yaani hostingi, waandishi, plagini za kulipia, na masaa anayokaa yeye mwenyewe kuihudumia. Tovuti za kamisheni mwisho wa mwaka zinapaa kwa sababu watu wananunua sana, ukizidisha mwezi huo mara 24 umenunua ndoto. Mara 24 peke yake sio bei mbaya, ubaya unakuja kama namba inayozidishwa imechaguliwa.

Kingine ambacho ni kikubwa zaidi, akaunti ya AdSense haihamishwi. Unanunua tovuti, akaunti inabaki ya kwake. Kwahiyo kama wewe huna akaunti iliyokubaliwa, au uliwahi kufungiwa, mapato ya matangazo siku ya kwanza ni sifuri hadi ukubaliwe. Amazon pia hesabu kuwa utajisajili upya kwa jina lako na kubadilisha linki zote kwenye makala zote. Haya yamalize kabla ya kulipa, ndio ujue unanunua nini hasa.

Alaf angalia trafiki inashikiliwa na makala ngapi. Makala mbili zikibeba asilimia 70 ya wageni, siku mshindani akiandika vizuri zaidi umekwisha. Na wageni wanatoka wapi? Kama wengi wanaonekana "wa moja kwa moja" (hawakupitia Google wala linki yoyote) na wanakaa sekunde chache wanatoka, inawezekana ni wageni bandia wa kununuliwa, yaani programu (bots) sio watu.

Soko_Huru
Mi naona unajipa presha bure mkuu, achana na watu wa inboksi nenda Flippa, soko la tovuti lililopo tangu 2009, historia ya muuzaji unaiona na malipo yanapitia eskro. Au Empire Flippers, wale wanakagua tovuti kabla ya kuiweka sokoni.

FundiSeva
Soko linasaidia lakini halikagui kwa niaba yako kila kitu. Kwenye soko la wazi yeyote anaweza kuweka tangazo, na ukisoma masharti yao utaona kazi ya uchunguzi wamemwachia mnunuzi. Ukaguzi ni ule ule tu ukinunulia popote.

Nimeuza_Tayari
Mimi nauzaga tovuti, niseme upande wa pili kwa sababu na wauzaji tunalizwa, na ukielewa tunachoogopa utajua kipi ni woga wa haki na kipi ni ujanja. Mimi siwezi kumpa mnunuzi lojini ya admini "akague" kabla ya malipo, kuna waliompa mtu hivyo akachukua makala zote na orodha ya barua pepe akapotea. Sikubali PayPal pia kwa mzigo kama huu maana mnunuzi ana siku 180 za kufungua mgogoro na domeini ikishaondoka mimi nashika nini? Kwahiyo akikataa hayo mawili msimlaumu. Ila kutaka nusu ya hela mkononi kabla ya kitu chochote, hapana, eskro ipo kwa ajili ya hilo.

Mtiririko ni huu, mnunuzi anaweka hela yote eskro, muuzaji anaingia mwenyewe kwenye akaunti yake ya eskro kuhakikisha zimefika (asitegemee barua pepe, zinaghushiwa), ndo anahamisha domeini na mafaili, mnunuzi anapewa siku kadhaa za ukaguzi mlizokubaliana, akiridhika eskro wanaachia.

Kwenye domeini tulia kabisa, hiyo ndo roho ya tovuti, makala bila domeini ni mafaili tu. Kabla ya yote hakikisha anayeongea na wewe ndo anayeimiliki. Mpe neno la kubuni aliweke kwenye rekodi ya TXT ya DNS (mipangilio ya domeini yenyewe), alaf wewe uliangalie. Neno kwenye ukurasa wa tovuti halitoshi, hata aliyedukua hostingi anaweza kuliweka. Tazama na RDAP, kumbukumbu za wazi za usajili wa domeini (ndo iliyochukua nafasi ya WHOIS Januari 2025), uone tarehe ya usajili na rejista gani, yaani kampuni iliyoisajili.

Njia rahisi ni wewe kufungua akaunti kwenye rejista ile ile anayotumia yeye, anakusukumia domeini ndani kwa ndani, mara nyingi inaisha siku hiyo hiyo. Kuhamia rejista nyingine inataka namba ya siri ya kuhamishia (EPP code) na inaweza kuchukua hadi siku 5, na kwa .com na wenzake mara nyingi kuna kufuli ya siku 60 inayozuia kuhama rejista ikiwa imesajiliwa au kuhamishwa karibuni, na inaweza kuwekwa hata jina la mmiliki likibadilishwa. Ikishakuwa kwako iache hapo hapo kwanza, kuhama utahama baadaye.

Mwanzo_Mpya
Asanteni sana jamani. Nimemuomba ruhusa ya kutazama Analytics anasema hawezi kwa sababu akaunti ina tovuti zake nyingine humo. Hii ni sababu ya kweli?

FundiSeva
Hapana. Ruhusa inatolewa kwa tovuti moja moja, Analytics na Search Console zote. Anaweza kukupa hiyo ya baiskeli tu na zingine usizione kabisa. Mjibu hivyo kwa heshima, kama hajui umwelekeze, akiendelea kukataa mwache auzie huyo wa kesho.

Dada_Hesabu
Na mkifikia makubaliano muandike mkataba, utaje domeini, makala, picha na leseni zake, orodha ya barua pepe, kurasa za mitandao ya kijamii, na kwamba hatafungua tovuti nyingine ya baiskeli kwa muda fulani. Ukishakabidhiwa futa watumiaji wote usiowajua na badilisha paswedi zote siku hiyo hiyo, hadi ya hostingi na database.

Mwanzo_Mpya
Swali la mwisho, ada ya eskro analipa nani?

Nimeuza_Tayari
Hakuna sheria, mimi huwa tunagawana nusu kwa nusu. Chagueni mapema pale mnapofungua muamala, maana mfumo wenyewe utawauliza.