Wenye nyumba na mafundi wa umeme wa Dar: acheni kuongeza ukubwa wa breka, badilisheni waya!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na uzi utakuwa mrefu, mnivumilie.

Kuanzia Desemba mpaka mvua za masika zianze, mji huu ni jasho mchana na usiku. Feni haizimwi, friji halipumziki, na aliyejikusanya kidogo amefunga AC ya chumbani ili watoto walale. Ndiyo miezi ambayo soketi zinayeyuka, breka zinajikata usiku watu wakiwa wanapika, na mpangaji anaambiwa sentensi ileile kila nyumba: "Mnatumia vitu vingi."

Hatutumii vitu vingi! Feni, friji, pasi, birika na AC moja ndogo ni vitu vya nyumba ya kawaida. Kilicho kidogo ni waya uliofukiwa ukutani na ule uliotandazwa juu ya dari. Huo hatuuoni, na ndiyo maana umefungwa kwa ubahili.

Nikueleze hali ya ninapopanga, huku Tabata. Ni nyumba ya wapangaji kadhaa, mita moja ya LUKU. Mwenye nyumba alipoongeza vyumba vya uani hakuvuta laini mpya kutoka kwenye bodi, kile kisanduku cha breka. Fundi wake alidaka umeme kwenye soketi ya sebule ya nyumba kubwa, akapitisha waya juu ya dari, akalisha vyumba vyote vya nyuma. Jointi zake amezifunga kwa tepu tu, hakuna hata kiunganishi. Joto lilipopanda breka ya ampea 20 (ampea ndiyo kipimo cha mkondo wa umeme) ikaanza kujikata. Tukalalamika. Fundi akaja, akafungua bodi, akachomoa ile ya 20 akaweka ya 40, akaniambia, "Dada yangu, hii haitakusumbua tena." Ni kweli haikutusumbua tena. Kilichokuja baada ya hapo ni harufu ya plastiki inayoungua, na soketi ya sebuleni ikageuka rangi ya kahawia mpaka plagi ikagoma kuchomoka.

Mzee mwenye nyumba alipoitwa alisema soketi ni juu yetu wapangaji, kwa sababu sisi ndio tunaoitumia.

Sasa naomba mafundi mlio humu mnisikilize, na mkibisha mbishe kwa hoja. Breka haikuwekwa ili ikulindie friji. Imewekwa ili ilinde waya. Kazi yake ni kukata kabla waya haujapata joto la kuyeyusha ganda lake. Waya wa 2.5, yaani unene wa milimita za mraba 2.5, wa ganda la PVC, ukipita kwenye bomba ukutani, kwa vipimo vya kimataifa unabeba kama ampea 24. Lakini hiyo 24 imehesabiwa kwa hewa ya nyuzi joto 30. Juu ya dari, chini ya bati, saa nane mchana mwezi wa pili, nani ana nyuzi 30? Hewa ikifika nyuzi 50 waya huohuo unatakiwa ubebeshwe asilimia 71 tu, yaani ampea 17 hivi. Ikifika 60, nusu: ampea 12. Na hapo ni waya ukiwa peke yake kwenye bomba. Mkirundika laini tatu kwenye bomba moja, kama mnavyopenda kufanya, zinapashana joto na uwezo unashuka tena.

Kwa hiyo waya wenye uwezo wa 17 au 12 mmeuwekea mlinzi wa 40. Siku mzigo ukifika 30, mlinzi hatastuka. Kitakachokatika ni waya wenyewe, na utakatika kwa moto, juu ya mbao za kenchi.

Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto kwenye waya linaongezeka mara nne. Skrubu ya soketi ikilegea kidogo tu, mkondo unapita kwa shida na joto jingi linazuka mahali hapo pamoja. Ndiyo maana soketi inaungua kabla waya haujaungua. Na ndiyo maana kubadilisha soketi peke yake kila mwaka ni kumpotezea mtu hela.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wengi hawasemi, sijui kama hawalijui. Breka zenyewe kiwandani zinapangwa kwa joto la nyuzi 30. Bodi ikiwa kwenye ukuta wa magharibi unaopigwa na jua la jioni, breka zikiwa zimebanana ndani ya kisanduku kisichopumua, zitakata mapema kuliko namba iliyoandikwa. Fundi mwenye akili atasema: bodi ihamishwe kivulini, skrubu zikazwe, mzigo ugawanywe kwenye laini mbili. Fundi wetu anasema "breka imechoka" na anatia mfukoni hela ya breka kubwa. Nimeona hilo kwa majirani pia, si kwangu tu.

Turudi kwenye "vitu vingi", tupige hesabu. Birika la wati 2,000 linakula karibu ampea 9. Pasi ya wati 1,200, ampea 5. AC ya BTU 12,000, nyingine 5. Friji na feni na TV, ongeza mbili tatu. Jioni mtu akipiga pasi huku maji ya chai yanachemka amekaribia 20 au amezipita. Sasa juu ya hapo vyumba vya uani navyo vinanyonya kwenye laini hiyohiyo. Aliyejenga vyumba vya kukusanyia kodi alijua watu watakaa humo na watachemsha chai. Kodi ya kila chumba anaipokea kamili. Laini ya kila chumba hakuiweka.

AC ndiyo mbaya zaidi. Unakuta AC ya BTU 18,000 imechomekwa kwa plagi ya kawaida kwenye soketi ya ukutani, waya nyuma yake ni 1.5, ule wa taa. AC hiyo inakula kama ampea 8 kwa saa nyingi mfululizo, na waya wa 1.5 kwenye dari la nyuzi 60 umebaki na uwezo wa 8 na kitu. Haupumziki usiku kucha. Ndugu yangu anaishi Maskati, Oman, kwenye joto kali kuliko letu, na kila AC ya nyumba yake ina waya wake kutoka kwenye bodi, breka yake, na swichi yake ukutani. Huku ukimwambia fundi avute laini ya AC peke yake anakuuliza kwani una kiwanda.

Na waya wenyewe! Nenda dukani uombe 2.5. Utapewa roli la bei ya chini, limeandikwa 2.5 kwa herufi nzuri. Kwangua ncha yake kwa kisu: juu nyekundu, ndani nyeupe. Hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Alumini inapitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba, inakatika ukiikunja mara chache, na kwenye skrubu inalegea kadiri inavyopata moto na kupoa. Plagi nazo, shika sumaku uzijaribu. Miguu ya shaba nyeupe haishiki sumaku. Ikinasa, umeuziwa chuma kilichopakwa rangi. Wauzaji wanajua wanachouza. Mteja akiuliza anaambiwa "hii ni ya kawaida, ile ni orijino". Kwa hiyo kuna rafu ya nyumba zisizoungua na rafu ya nyumba zinazoungua, na mwenye nyumba anatuchagulia ya pili kwa sababu yeye halali humo.

Jambo linaloniuma kuliko yote ni ethi, ule waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini. Kwetu friji linarusha shoti. Ukiligusa umetoka kuoga, au mtoto akilishika akiwa pekupeku kwenye sakafu ya saruji yenye maji, mkono unarushwa. Tumelalamika. Jibu la mwenye nyumba, na fundi akiwa amesimama pembeni anatikisa kichwa kukubali: "Vaeni ndala." NDALA! Mtoto wa miaka minne akumbuke ndala kila anapotaka maji ya baridi! Nilipofuatilia, fimbo ya ethi nje ya nyumba ipo, ila waya uliotakiwa kushikana nayo umekatika kwa kutu, na kwenye vyumba vya uani waya wa ethi haukupitishwa kabisa: fezi na nyutro tu, yaani waya wa kuleta umeme na wa kuurudisha. Hata ukiwa mzima, kiangazi udongo unakauka na ethi inakuwa dhaifu, ndiyo maana fimbo inatakiwa iende chini kwenye unyevu na ipimwe kwa kifaa, siyo kuchomekwa ili mkaguzi aione. Na RCD, ile breka inayokata umeme ukivuja hata miliampea 30, haipo kwenye bodi yetu. Bafuni kuna hita ya maji. Hita, maji, miguu mitupu, bila ethi, bila RCD. Mtu akifa tutaambiwa ni kazi ya Mungu.

Wa Kigamboni, Mbweni na kote pwani mnajua ya kwenu: upepo wa chumvi unaotesha kutu ya kijani kwenye kila skrubu, na mijusi kafiri inaingia kwenye kisanduku cha AC cha nje kufuata joto, inabanwa kwenye swichi na kuunguza bodi ya AC yenyewe. Sisimizi wanajaa kwenye soketi. Hayo ya asili siyalalamikii sana, yanataka ukaguzi na usafi tu. Ila nani anakagua? EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ndiyo inayotoa leseni za mafundi wa kufunga umeme majumbani. Muulize fundi wa mwenye nyumba wako leseni yake uone atakavyokukasirikia.

Umeme mdogo nao upo, sitauacha. Saa mbili usiku voltimita ya stabilaiza inasoma 170 badala ya 230, feni inazunguka kwa kusinzia, kompresa ya friji inanguruma na kushindwa kuanza. Ikishindwa kuanza inavuta mkondo mara kadhaa ya kawaida na inajichoma yenyewe. Umeme ukikatika na kurudi papo hapo ni vilevile: gesi bado ina mgandamizo, kompresa haiwezi kusukuma, inahitaji dakika tatu au zaidi ya kupumzika. Kulipa friji mapumziko hayo ndiyo kazi ya frijigadi, na kila mwenye friji aweke. Lakini wenye nyumba msijifiche kwenye umeme mdogo wa mtaani. Nimepima mwenyewe kwenye bodi na kwenye soketi ya uani kwa wakati mmoja, na tofauti ilikuwa kubwa. Voti hizo hazikupotelea kwenye nguzo. Zimepotelea kwenye waya wenu mwembamba, zimegeuka joto juu ya vichwa vyetu.

Ninachotaka ni hiki, na nimemwandikia mzee kwa karatasi ili asiseme hakuambiwa: breka irudishwe 20. Vyumba vya uani vipate laini yao kutoka kwenye bodi, waya wa shaba, na ethi. RCD iwekwe. Gharama ni yake, nyumba ni yake. Amejibu kwamba kama hatutaki tuhame.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu, asanteni.

Mnaosema nihame: nikihama anaingia mwingine na mtoto wake na friji lake. Waya utakuwa uleule.

Mkuu uliyesema wewe ni fundi na mwenye nyumba ndiye anayekulazimisha ununue waya wa bei rahisi, nakuelewa, njaa ni njaa. Lakini breka kubwa kuliko waya unaiweka kwa mkono wako. Hiyo kataa. Mwambie andike yeye kwenye karatasi kwamba ameitaka, uone kama ataandika.

Dada uliyeuliza utajuaje waya unapata moto bila kupanda darini: washa vitu vyako vizito kwa muda wa saa moja hivi, kisha zima, chomoa plagi uguse miguu yake kwa nyuma ya kiganja. Uvuguvugu ni sawa. Ikikuchoma, kuna tatizo. Angalia rangi ya kahawia kuzunguka matundu ya soketi, sikiliza mlio wa kukaanga ukutani, angalia kama taa zinafifia friji linapoanza. Na ukisikia harufu ya samaki chumbani wakati hamjapika samaki, usitafute paka. Ni plastiki ya soketi au swichi inayopata moto ndani. Nenda kwenye bodi, zima laini hiyo, na usiiwashe mpaka ifunguliwe na ionekane, hata mwenye nyumba akipiga simu mara ngapi.