Tupeane uzoefu: umeboresha nini katika programu yako ya kurekebisha wanyama wa kwenye kompyuta?

Ndugu wanachama, nimefungua mada hii kwa sababu wengi wetu tumewahi kuandika, kurithi au kukarabati programu ndogo za kurekebisha michezo ya kufuga wanyama, lakini tukikutana huwa tunazungumzia wanyama wenyewe na kuvisahau vyombo tunavyowatengenezea. Ninaomba kila mmoja asimulie jambo moja aliloliboresha na aeleze tatizo lililomlazimisha kuliboresha. Nitaanza mimi.

Mimi ninashughulika na Petz, mfululizo ambao kampuni ya PF.Magic iliuanzisha kwa mchezo wa Dogz mwaka 1995. Kwa wasioufahamu, mbwa au paka wa mchezo huo hakuchorwa kama picha, bali ameundwa kwa matufe yaliyounganishwa kwa mistari, na maelezo yote ya umbo lake yamo katika matini inayoitwa LNZ. Matufe ya msingi ni 67, yaani namba 0 hadi 66, na matufe anayoongeza mtengenezaji huanzia 67. Namba ya tufe la nyongeza haiandikwi popote. Hutokana na nafasi yake katika orodha, na hapo ndipo palipo na mtego.

Nilikuwa nimemtengenezea paka manyoya ya masikio kwa matufe 12 ya nyongeza: sita ya sikio la kushoto, 67 hadi 72, na sita ya sikio la kulia, 73 hadi 78. Siku moja nililifuta tufe la 70 kwa kuwa lilijitokeza vibaya. Nilipomfungua paka mchezoni, mstari uliotoka tufe la 72 hadi kwenye sikio la kushoto ulikuwa unakata kichwa chote, kwa sababu tufe lililobeba namba 72 sasa lilikuwa lile la kwanza la sikio la kulia. Mistari iliyotaja tufe la 78 ilikuwa inataja kitu kisichokuwapo.

Nikaandika programu ya kupunguza moja katika kila namba iliyozidi 70, na kwa haraka zangu nikaharibu zaidi, kwani katika sehemu ya [Paint Ballz], inayoorodhesha madoa ya rangi juu ya matufe, safu ya kwanza ndiyo namba ya tufe na safu ya pili ni ukubwa wa doa kwa asilimia, nami nilizigusa zote mbili. Ilinibidi kuifundisha programu, sehemu kwa sehemu, ni safu zipi zinazobeba namba za matufe: katika [Linez], yaani orodha ya mistari inayounganisha matufe, ni mbili za mwanzo, katika [Paint Ballz] ni moja tu. Kisha nikaongeza dirisha linaloonyesha kila mstari wa matini utakaobadilika, wa zamani juu na mpya chini yake, kabla ya chochote kuhifadhiwa. Dirisha hilo lilinichukua muda mrefu kuliko hesabu yenyewe, na bado ninaamini kwamba ndilo lililowafanya watu waiamini programu.

Kuna kosa jingine ambalo nalieleza ili lisirudiwe. Toleo langu la awali lilikuwa linafuta maelezo yanayoanza na nukta-mkato, pamoja na kila sehemu lisiyoitambua, kwa madai ya kusafisha faili. Mwenzetu mmoja alikuwa ameandika humo kumbukumbu za kazi ya miezi kadhaa, akaipoteza. Tangu hapo, mstari wa matini ambao programu yangu haiuelewi huandikwa tena kama ulivyosomwa, herufi kwa herufi.

Mchangiaji wa 2

Ahsante kwa kutufungulia. Mimi nilianzia kwenye faili zenyewe za aina za wanyama, zile zenye viambishi .dog na .cat, ambazo kwa undani ni maktaba za kawaida za Windows (faili za DLL, zenye msimbo na data za kutumiwa na programu) zilizobadilishwa jina. Tulikuwa tukizihariri kwa kihariri cha heksadesimali, yaani programu inayobadilisha baiti za faili moja moja, na sharti lilikuwa kwamba jina jipya liwe na idadi ileile ya herufi kama la zamani, kwa sababu herufi moja ikizidi, kila kinachofuata ndani ya faili husogea na mchezo haukioni tena mahali unapokitarajia. Kwa hiyo majina ya wanyama wetu yalichaguliwa kwa kuhesabu herufi, wala si kwa kupendeza.

Nilichoboresha mimi ni ukaguzi wa namba ya utambulisho. Kila aina inapaswa kuwa na namba yake, na aina mbili zikigongana, mchezo huzichanganya. Sasa programu yangu, kabla ya kuhifadhi, hupitia folda nzima na kunitajia kwa jina faili ambayo tayari inatumia namba niliyoichagua. Pia hutengeneza nakala ya faili ya awali bila kuniuliza, na kila nakala huwa na tarehe na saa, kwa sababu niligundua kwamba nakala moja inayofutwa na nyingine haimwokoi mtu aliyehifadhi kosa mara mbili.

Mchangiaji wa 3

Mimi niko upande wa Creatures, mchezo wa Steve Grand uliotoka mwaka 1996, ambamo viumbe wanaoitwa norn huzaliwa na jeni na kemikali za mwilini. Kemikali hutambulishwa kwa namba, 0 hadi 255, na mwanzoni programu yangu ilionyesha namba tupu. Nilijiona ninazifahamu kwa moyo, mpaka usiku mmoja nilipoandika tarakimu moja vibaya katika jeni ya mmeng'enyo na kumlea norn aliyekula kila nilichompa huku akidhoofika mbele ya macho yangu. Niliumia kwelikweli, kwani nilikuwa nimemfuata tangu alipotoka katika yai. Siku iliyofuata niliweka majina mbele ya namba zote.

Hata hivyo, lililonifaa zaidi ni jambo la umri. Kila jeni ina hatua ya maisha inapoanza kufanya kazi, na hatua hizo ni saba, kuanzia kiinitete hadi uzee wa mwisho. Ukiharibu jeni inayoamka ujanani, utamwona norn mzima kabisa katika utoto wake wote, na hutajua kosa lilipo mpaka uwe umesubiri muda mrefu. Nikazipanga jeni kwa hatua za umri badala ya mpangilio wake ndani ya faili, na nikaongeza uwezo wa kulinganisha faili mbili za jeni bega kwa bega, zilizotofautiana zikipakwa rangi.

Mchangiaji wa 4

Mchango wangu ni mfupi. Ninachora upya wahusika wa Tamagotchi ya kwanza, ile ya 1996, katika programu inayoiga kifaa chake. Kioo kina vitone 32 kwa 16 tu, kwa hiyo kitone kimoja huweza kuwa jicho zima. Nilikuwa nachora kwenye gridi kubwa iliyojaza skrini, na kila mchoro uliokuwa mzuri pale uligeuka doa lisiloeleweka katika ukubwa wake halisi. Niliweka kando ya gridi kioo kidogo cha ukubwa wa kweli, kinachobadilika papo hapo ninapochora.

Mchangiaji wa 5

Mimi si mwandishi wa programu, ni mtumiaji, na naomba nami nisikilizwe. Kwa muda mrefu nilitumia programu ya Petz ambayo ilipokwama iliandika tu kwamba kuna hitilafu katika kusoma faili. Faili yangu ilikuwa na mistari zaidi ya mia tano. Nilimwandikia mtengenezaji, nikamtumia faili yenyewe pamoja na maelezo ya hatua nilizopitia, naye akabadilisha ujumbe ule. Sasa huniambia: «Mstari wa 214, sehemu ya [Linez]: tufe la 91 halipo.» Nilirekebisha kosa langu kwa dakika moja bila kumsumbua mtu. Watengenezaji, tafadhali andikeni ujumbe wa makosa mkimfikiria mtu aliye peke yake usiku na faili anayoipenda.

Mwanzilishi wa mada

Nimewasoma nyote kwa makini. Mchangiaji wa 3, nitaiga ule mpango wa kulinganisha faili mbili, kwa kuwa LNZ inauhitaji vilevile. Mchangiaji wa 5, programu yangu hutaja mstari lakini haitaji sehemu. Nitalisahihisha hilo wiki hii.

Ninalo ombi moja kwa wenye faili za LNZ zilizohaririwa kwa programu za zamani. Baadhi hutenganisha safu kwa mkato, nyingine kwa nafasi, nyingine kwa tabo, na nimekutana na zilizochanganya vyote katika mstari mmoja. Mwenye mfano wa namna hiyo aubandike hapa kama ulivyo, bila kuunyoosha, ili niupitishe katika kisomaji changu kabla sijatoa toleo lijalo.